Hapo Mwiko

Lindi nzima ilimjua Bi Ziada kwa mambo mawili, mkono wake na mdomo wake. Mkono ulikuwa wa kusiriba kuta, na mdomo ulikuwa wa kuzisema kuta za wenzake. Akipita mtaani hatazami watu, anatazama nyumba. "Huyu naye kaukandika ukuta, au kaurushia udongo akakimbia?" husema, tena kwa sauti, mwenye nyumba akiwa papo hapo barazani na kikombe chake cha kahawa. Watu walimvumilia. Utafanyaje? Siku ya kuoza binti au ya kupokea mgeni wa heshima, kuta zako zikiwa na nyufa, ni huyo huyo utakayemfuata, shikamoo mbele na uso umeuinamisha.

Jina lenyewe lilimkaa. Mafundi wengine wakimaliza ukuta huenda zao kunawa. Ziada akimaliza hurudi nyuma kidogo, akaukodolea macho, akabetua midomo, akasema, "Bado." Basi ataongeza udongo hapa, atapitisha mwiko pale, atalainisha kwa kiganja, na mwenye nyumba anangoja kuingia kwake kama mpangaji. Lakini ukikauka ukuta ule, nzi akitua huteleza. Sitanii. Naam, natania, lakini si sana.

Ufundi huo hakuupata mjini. Alizaliwa bara, njia ya Milola, katika ukoo wa Kimwera uliokuwa na kibanda cha tambiko. Kilikuwa kibanda kidogo, mtu mzima aingia kwa kuinama, kimejengwa juu ya kaburi la bibi mkuu aliyeuanzisha ukoo. Kila mwaka baada ya mavuno wanawake walikisiriba upya ndani na nje, kisha mjomba wa ukoo akaja na unga wa mtama na bakuli la maji, akavimimina mlangoni, akawaita waliotangulia kwa majina. Hapo ndipo Ziada aliposhika udongo mara ya kwanza, na hapo ndipo mama yake alipompiga kofi la mgongo kwa kuacha alama ya kidole ukutani. Kofi lile, alisema mwenyewe, ndilo lililomtia ufundi.

Na msidhani hawakuwa Waislamu. Walikuwa Waislamu wa kusali na kufunga. Mwalimu wa chuo akiwaambia kwamba mambo ya unga hayamo dinini, waliitikia "Kweli, mwalimu," kisha wakaenda kusaga mtama. Watu wa kwetu ndivyo tulivyo, hatupendi kumuudhi mtu yeyote, aliye juu ya ardhi wala aliye chini yake.

Vikaja vita vya Maji Maji. Huseni, mtoto wa kwanza wa Ziada, kijana wa kucheka kwa nguvu mpaka kuku wakatawanyika uani, alikwenda kunyunyiziwa ile dawa ya maji kama vijana wenzake, akaambiwa risasi za Wadachi zitageuka maji. Hazikugeuka. Waliorudi hawakuweza kusema aliangukia wapi, sembuse kuonyesha kaburi. Nyuma yao wakaja askari na viberiti, wakachoma nyumba, wakachoma maghala, na kibanda nacho kikaungua. Ziada, aliyekuwa mjane tayari, alikimbilia Lindi akimburura binti yake Sada kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika mwiko wa kusiribia aliorithi kwa mama yake. Kati ya vyote vilivyokuwamo nyumbani aliokoa mwiko! Sada alimkumbusha jambo hilo kila walipokosa sufuria.

Amani iliporudi, kijiji chao kilikuwa kimemezwa na shamba la pamba la mzungu mmoja, makaburi na yote, na mnyapara amesimama mpakani na kiboko chake kumngoja yeyote atakayesema ana bibi yake humo ndani.

Khitma ya Huseni ilisomwa mjini, watu wakala ubwabwa wakatawanyika. Tambiko halikufanywa. Na kwa watu wa ukoo ule, marehemu ambaye hajaitwa kwenye unga bado yuko njiani anatangatanga, na matanga yake hayajaanuliwa, hata ipite miaka. Mwenye kuita ni mjomba, na mjomba alikuwa Mfaume, kaka yake Ziada, mkulima wa Nyangamara, mtu aliyenyooka kama mpini wa jembe na mgumu vilevile.

"Unga humwagwa kibandani," alisema Mfaume. "Kibanda hakipo. Basi hakuna unga."

"Na matanga ya mwanangu, kaka?"

"Yatakaa."

Yakakaa. Ziada naye akajiongezea lake, si ndiye Ziada? Akaapa kutokunywa tena maji matupu. "Maji yalinichukulia mwanangu," alisema, "hayapiti tena kooni mwangu." Akawa anakunywa uji, madafu, kahawa, hata mchuzi, chochote ilimradi kina rangi. Na jua la Lindi mnalijua. Wajukuu wa watu walikuwa wakimsubiri njiani na vikombe vya maji ili wamwone anavyofumba mdomo. Alikuwa akiwafukuza kwa matusi mazuri sana. Lakini akifika nyumbani kwake, peke yake, alilia, na kilio hicho hakuna aliyekichekea.

Sasa yakaingia mambo ya Sada. Sada alichumbiwa na Bakari, kijana wa Kiswere, na wote wawili walikuwa radhi, jambo ambalo si la kila siku. Ila nyumba yenye matanga haipigiwi ngoma ya harusi. Wazazi wa Bakari walingoja kwa adabu, wakangoja kwa subira, mwishowe wakaleta ujumbe: ikiandama Ramadhani hamjaanua matanga yenu, mtoto wetu tutamtafutia kwingine, tusilaumiane. Sada hakumlaumu mama yake kwa neno hata moja. Alianza tu kupika chakula kisicho na chumvi, na Ziada akakila bila kuuliza.

Miezi hiyo ndipo alipokuja mjini Bwana Yahya, sonara kutoka Yemeni, akachukua nyumba nyuma ya maduka ya Wahindi. Jina Yahya, kanzu mwilini, ndevu kidevuni, Kiarabu mdomoni: watu wakasema, alhamdulillahi, tumepata Mwarabu mwingine. Ijumaa ikafika, msikitini hayumo. Mgeni huyo, watu wakasema, njia bado hajaijua. Ijumaa nyingine, hayumo. Halafu Jumamosi, siku ambayo wanawake wametoka na mikufu yao ya kutengenezwa, wanakuta mlango umefungwa, na ndani mtu anaimba. Ndipo ilipojulikana kwamba ni Myahudi.

"Bwana Yahya," wanawake wakamuuliza, "mbona unapumzika siku ya mosi ya juma, hata kazi hujaianza?"

"Mosi ni kwenu," akawajibu. "Kwetu ni ya saba. Ninyi mnapoanza kuhesabu, mimi nimekwisha choka."

Jingine lililowashangaza ni mkate wake. Kila akikaa kula aliuchovya mkate katika chumvi kwanza. Mji umejaa samaki, bei yao kama bure, na mtu anakula mkate kwa chumvi! Wakamwita bahili, wakaridhika.

Basi Yahya akamwita Ziada amsiribie nyumba. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza sokoni (hapa nakisawazisha, la sivyo hatutafika), lakini alikuwa mtu wa kujitayarisha. Kabla Ziada hajaja alimuuliza jirani: jambo ambalo mtu hapaswi kulifanya kamwe, au mahali pasipoguswa, kwa Kiswahili huitwaje? Jirani, mtu mwema, akamwambia: mwiko. Yahya akalishika neno hilo kama mtu aliyepewa yai. Kisha akachukua mkaa, akachora mraba wa dhiraa moja kila upande, kwenye ukuta wa sebuleni unaotazamana na mlango. Fundi alipoingia akampeleka moja kwa moja hadi pale.

"Mama Ziada, nyumba yote siriba. Hapa," akaonyesha ule mraba, "hapa mwiko."

"Hapo mwiko," akaitikia Ziada. "Nimesikia, Bwana."

Ehe! Mnaona tunakokwenda? Kweli, mwiko ni jambo lililokatazwa, hata Ziada alilijua hilo. Lakini mwambie fundi wa kusiriba, na udongo umekwisha kandwa, "hapa mwiko", atafikiria nini? Atafikiria kile alichokishika mkononi. Ziada alielewa kwamba hapo pametengwa pa kupitishwa mwiko hasa, kwa bidii kuliko kwingine kote. Akafurahi moyoni. Hatimaye, akasema, mji huu umepata mtu mwenye macho ya ukuta.

Akausiriba ule mraba mpaka ukang'aa. Yahya aliporudi kutoka dukani akashika kichwa, akasema maneno ya kwao ambayo, kwa sauti yake, hayakuwa shukrani.

Kesho yake Ziada akakuta mraba umekwanguliwa hadi kwenye fito. Damu ikamchemka. Fikira yake ya kwanza ilikuwa kwamba fundi mwenzake mmoja, mwenye wivu, ameingia kumharibia jina. Lakini Yahya akaja mbio kutoka ndani akipunga mikono.

"Mama! Nilisema mwiko! Hapa mwiko! Mwiko mkubwa!"

"Mwiko mkubwa?" akauliza Ziada.

"Mkubwa sana!"

Ziada akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Akarudi kwake, akautoa mwiko mkubwa, ule wa marehemu mama yake ambao haukutoka isipokuwa kwa kazi za maana, akaja nao akiwa ameushika kama bakora ya Iddi. Akakanda udongo wa kichuguu uliochekechwa. Alikuwa amekwisha ziba nusu ya mraba na kuusifu kwa sauti, Yahya alipoingia. Maskini yule! Alilia "Haramu!", akaruka, akajibandika ukutani mgongo nyuma na mikono ameitandaza, kanzu yake nyeupe ikakandamana na udongo mbichi.

"Haramu, mama! Usiguse! Haramu!"

"Haramu?" Ziada akashusha mwiko. "Ukuta?"

"Ukuta!"

"Sasa si ungesema haramu tangu mwanzo!"

"Jirani aliniambia mwiko!"

Wakatazamana. Ziada akautazama mwiko mkononi mwake, akamtazama yule mzee aliyebandikwa kama chapati, na kicheko kikamtoka ambacho hakukitambua mwenyewe. Tangu Huseni alipoondoka alikuwa hajacheka hivyo. Akacheka mpaka akakaa chini penye udongo, na Yahya naye, mgongo umelowa, akaanza kutikisika ndevu.

Akamletea kikombe cha maji. Ziada akageuza uso.

"Umefunga?"

"Sijafunga. Maji siyanywi." Na kwa kuwa kicheko kilikuwa kimekwisha mlegeza, akamweleza yote, Huseni, dawa, kibanda, shamba la pamba, Mfaume na unga wake, na Sada atakayekosa mume Ramadhani ikiandama. Yahya alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza polepole:

"Na udongo unaukanda kwa kitu gani, mama? Kwa mate?"

Ziada akafungua mdomo, akaufumba. Ni mara chache mji ulimwona hivyo, na bahati mbaya siku hiyo hapakuwa na shahidi.

"Nikueleze huu ukuta," Yahya akasema, akakaa juu ya kindoo alichokifudikiza. "Sisi nasi tulikuwa na nyumba. Moja tu duniani, Baitul Mukadasi. Sadaka zote zilipelekwa huko, kwingine hazikuruhusiwa. Mwenye mali alipeleka kondoo. Maskini alipeleka unga."

Ziada akainua kichwa. "Unga?"

"Unga, mama. Wakaja Warumi wakaichoma."

"Kwa viberiti?"

"Viberiti havikuwapo, lakini hawakushindwa."

"Mkafanyaje?"

"Tulilia. Wakatokea watu wakaapa: hatuli tena nyama, hatunywi tena divai, kwa sababu vitu hivyo vilitolewa katika Nyumba ile, na Nyumba haipo. Mzee wetu mmoja akawafuata. Akawaambia, sawa, basi mkate nao msile, maana unga nao ulitolewa. Wakasema, tutakula matunda. Akasema, matunda nayo yalipelekwa. Wakafikiri, wakaona mambo yanawabana. Akawaambia, na maji msinywe, maana maji nayo yalimiminwa pale." Yahya akamtazama fundi wake kwa pembe ya jicho. "Wakanyamaza, kama ulivyonyamaza wewe."

"Endelea, Bwana," akasema Ziada, "usinichokoze."

"Mzee akawaambia: tusipolia kabisa hatuna moyo, na tukilia bila kipimo hatutakuwa na watoto wala nyumba. Basi mtu asiribe nyumba yake, aoze watoto wake, ale na kunywa. Ila mahali padogo, mkabala wa mlango, paachwe wazi, ili kila aingiaye aone kwamba kuna kitu hakipo."

Ziada akazitazama fito zilizochungulia ukutani. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alitazama ukuta usiosiribwa bila mkono kumwasha.

"Na kondoo je? Na unga?"

"Saa za kondoo zikawa saa za sala. Maneno ya sadaka tunayasoma kila asubuhi, tukahesabiwa kama tumeitoa. Na meza ya kila nyumba ikawa madhabahu. Ndiyo maana nachovya mkate katika chumvi, kwa sababu sadaka ile ilitiwa chumvi."

"Loo! Na sisi tunasema wewe bahili."

"Hilo pia ni kweli," akasema Yahya.

"Lakini nani aliwapa ruhusa? Nani alisema inatosha?"

"Wazee walikaa katika mji mdogo karibu na pwani, wakaulizana, wakagombana. Hawakuacha kugombana hata leo. Lakini wakati wanagombana, watoto walioa na kuolewa, na majina hayakusahauliwa."

Ziada akainuka. Alifunga vitambaa vyake akaondoka na udongo mikononi, na watu aliowapita barazani wakashangaa kwamba hakuitukana nyumba hata moja.

Mfaume alikuja Lindi wiki ile ile, na mfuko wa mtama begani, kuwapa watu wa Kiswere jibu la mwisho. Ziada akamwamkia, akampa maji ya kunawa, akampa chakula, akangoja ashibe, maana mwanamke mwenye akili habishani na kaka mwenye njaa. Kisha akamwambia habari za Yahya na ukuta wake, na kwamba unga unaweza kumwagwa hapo hapo nyumbani.

"Sasa unataka nifuate dini ya Myahudi?" Mfaume akauliza.

"Dini yake tumwachie mwenyewe. Nataka ufuate akili yake."

"Kibanda hakipo, Ziada."

"Kaka, kile kibanda nimekisiriba tangu sijaota matiti, ndani na nje, kila pembe. Sikumkuta babu hata mmoja amekaa kwenye udongo. Walikuja ulipowaita. Basi waite!"

Mfaume akajikuna kidevu. Neno lilikuwa limemwingia, lakini mpini wa jembe haupindi kwa siku moja.

"Kuita si kazi," akasema. "Lakini tambiko linatakiwa liume. Kule tulikwenda kwa miguu, tukatoa mavuno ya kwanza wakati sisi wenyewe tuna njaa. Hapa mjini utawapa nini? Utanimwagia kiganja cha unga mlangoni, kisha ukakae kwenye baraza yako ukasifiwe kuta? Hiyo si sadaka, ni kufagia."

Akaenda zake sokoni. Sada, aliyekuwa anasikiliza nyuma ya mlango wa uani, akaondoka kimya kwenda kuosha vyombo ambavyo alikwisha viosha.

Ziada akabaki peke yake sebuleni. Ni lazima niwaambie habari za sebule ile. Nyumba yake ilikuwa ndogo, na paa lake la makuti lilivuja kila masika, kwa kuwa paa halikumhusu. Lakini ukuta wa mbele, ule unaotazamana na mlango, ulikuwa ndio kila kitu chake. Aliusiriba kwa udongo wa rangi mbili, akausugua kwa kijiwe mpaka ukawa unateleza, akaupaka chokaa iliyochujwa kwa kitambaa. Watu walikuja kuutazama. Wanawake walioleta habari za msiba waliusifu kwanza, ndipo wakalia. Huseni hakupata kuuona, na pengine ndiyo sababu aliufanya mzuri hivyo, ili kuwe na kitu ambacho moto haukugusa. Hilo hakuwahi kumwambia mtu.

Aliusogelea, akaupapasa kwa kiganja. Kisha akauchukua mwiko wa mama yake, akaugeuza ncha, akauchoma ukuta.

Sada alikuja mbio aliposikia mbomoko. Alimkuta mama yake amepiga magoti, chokaa nyeupe imemjaa nywele, anakwangua huku analia, na kila kipande kikianguka anasema, "Ah! Ah!" kama mtu anayetolewa mwiba. Nimekuwa nikimtania Ziada tangu mwanzo, lakini hapo nami siwezi. Sada alidhani mama yake amerukwa na akili. Akamshika mabega. Ziada akamwambia, "Niache, mwanangu. Natoa."

Mfaume aliporudi alikuta mraba mmoja wazi katikati ya ule ukuta mweupe, dhiraa moja kila upande, fito nje na udongo mwekundu mbichi. Akasimama mlangoni.

"Nani kaharibu hapa?"

"Mimi."

"Utaziba lini?"

"Sizibi, kaka. Hapo mwiko."

Mfaume akamtazama dada yake, akautazama ukuta. Alikuwa amemjua huyu tangu utoto. Alimwona akilia machozi kwa ufa mmoja wa kibandani, alimwona akikataa kula mpaka ukuta wa jikoni unyooke. Alijua watakavyomcheka mtaani, yeye Ziada aliyecheka kuta za kila mtu, kila mgeni atakapoingia na kukutana uso kwa uso na tundu lile. Akavua kofia yake, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Sada," akasema, "twanga ule mtama niliokuja nao. Ulete na maji."

Wakakaa chini mbele ya ule mraba. Mfaume akauchota unga, akaumimina chini ya ukuta polepole, akaanza kuita, kwanza bibi mkuu, kisha wa uzao wake waliomfuata, jina baada ya jina, kwa sauti ile ya zamani ambayo Ziada alidhani imeungua pamoja na kibanda. Hakukosea hata mmoja. Akafika kwa mama yao. Akafika kwa mume wa Ziada. Kisha akanyamaza.

Wakangoja. Unga ulikuwa unamvuja kati ya vidole.

"Kaka," akasema Ziada.

"Mimi ndiye niliyempeleka," Mfaume akasema. "Kwenye ile dawa. Nilimshika mkono mimi mwenyewe, nikamwambia, twende mjomba, usiogope. Jina lake sijalitamka tangu siku ile. Sikuweza."

Kumbe miaka yote ile kibanda kilikuwa ni cha kusingizia! Ziada alikuwa na haki ya kukasirika, na mdomo wake mlikwisha ujua. Lakini alichofanya ni kuuweka mkono wake wenye chokaa juu ya mkono wa kaka yake wenye unga, akabana.

"Mwite," akamwambia. "Tutamwita wote."

Wakamwita. "Huseni!" akasema mjomba wake. "Huseni!" akasema mama yake. "Kaka Huseni!" akasema Sada, aliyekuwa mtoto alipomwona mara ya mwisho. Mfaume akamimina maji juu ya unga, akanywa funda moja kama ilivyo desturi, akampa Ziada bakuli. Ziada akalitazama. Kisha akanywa lote, akafuta mdomo, akasema, "Sada, niongeze."

Harusi ikapigwa kabla ya mwezi kuandama. Watu wa Kiswere walikuja na ngoma, na wanawake wa Lindi, waliongoja siku hiyo kwa miaka, wakauona ule ukuta na wakatunga wimbo papo hapo: fundi kaishiwa udongo, jamani, mchangieni. Waliuimba mpaka sauti zikakauka. Ziada akacheza nao, tena akaongoza kiitikio, na hakumweleza mtu yeyote neno lolote.

Bwana Yahya alikuja na bangili ya fedha ya bibi harusi. Chakula hakula, kwa sababu ya dini yake, isipokuwa mayai ya kuchemsha na ndizi, na watu wakamsamehe. Alipoingia sebuleni akasimama. Akatazama mraba ule mwekundu, na unga mweupe ulioshikamana chini yake. Kisha uso wake ukapata ule utani wa siku ya kanzu.

"Fundi," akasema, "hapa umesahau. Nikuletee mwiko?"

Ziada alikuwa anamtilia maji ya kunywa. Akayajaza mpaka ukingoni, akampa.

"Mwiko ninao, Bwana Yahya," akasema. "Huo hapo ukutani."